Je, Ni Kosa Kumdai Ndugu Amana ya Nyumba?



Majuma machache yaliyopita, baada ya ibada, tukiwa chini kwenye chai na maandazi, kijana mmoja alinivuta kando karibu na ngazi. Akasema, "Mzee, samahani, nina swali. Nilikuwa nimepanga kwa mtu wa hapa hapa kanisani. Nimehama, huu ni mwezi wa tatu, na amana yangu hajanirudishia. Kila nikimuuliza ananiambia tuombe. Je, nikimdai nitakuwa nimekosa? Na nikienda kortini, si Paulo alikataza?"

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Swali lake si lake peke yake. Nimelisikia mara nyingi kwenye ngazi zile zile, mara kwa mpangaji, mara kwa mwenye nyumba. Tena nilikuwa na sababu ya pili. Katika jambo hili siwezi kukaa kiti cha hakimu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mshtakiwa, ila aliyekuwa na haki ya kunishtaki hakwenda mahakamani. Nianze hapo.

Kisa changu

Mimi na mama watoto tulinunua nyumba hapa Worcester mwaka 2014. Ni zile nyumba za mbao za familia tatu zilizojaa mji huu, familia moja juu ya nyingine, kila moja na kibaraza chake. Sisi tulikaa chini, tukapangisha za juu. Watu kanisani walituona kama tumefika. Mimi nilikuwa nafanya zamu mbili katika nyumba ya kutunzia wazee, mke wangu akifanya usiku hospitalini, na mwisho wa mwezi benki inadai, jiji linadai kodi ya jengo, bima inadai. Tulikuwa na nyumba, lakini mfukoni hatukuwa na kitu.

Oktoba 2016 ilikuja familia kutoka Kongo, iliyokuwa imekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Baba, mama na watoto wanne. Kodi ilikuwa dola 1,200 kwa mwezi, na amana nyingine 1,200. Yule baba aliniletea amana katika bahasha, noti za ishirini ishirini, akazihesabu mbele yangu mara mbili. Akauliza kwa upole, "Mzee, hakuna karatasi?" Nikacheka. Nikamwambia, "Karatasi ya nini, ndugu yangu? Si tunasali pamoja?" Naye akacheka, na nikaona ameona haya kwa kuuliza.

Januari 2018 boila ikafa katikati ya baridi kali. Fundi alitaka zaidi ya dola elfu nne. Nilikusanya kila nilichokuwa nacho, na ile amana nayo ikaenda humo, kwa kuwa ilikuwa imelala katika akaunti yangu ya kawaida pamoja na mshahara wangu. Nilijiambia sijaiba, nimewatengenezea joto wao wenyewe. Lakini joto lile walikuwa wameshalilipia katika kodi, na kulitoa lilikuwa jukumu langu. Kwa maneno mengine, niliwauzia kitu kimoja mara mbili.

Agosti 2019 wakahama. Walinipa taarifa mapema, hawakubakiza kodi hata senti, na yule mama alipiga deki sakafu yote siku ya mwisho. Mimi nikapanda juu na tochi. Mtu anayeshika tochi akiwa hana pesa ya kurudisha hakosi kuona uharibifu. Niliona michoro ya kalamu za rangi chumbani kwa watoto. Niliona mlango wa kabati umelegea. Niliona ukuta wa jikoni umefifia. Ukweli ni kwamba rangi ile tuliikuta wakati tunanunua nyumba, na mlango ule ulikuwa umelegea tangu siku wanaingia, nami nilijua. Nikakata dola 1,050 na kumpa 150.

Akasema, "Mzee, naomba nione hesabu." Nikamjibu kwamba hesabu iko kichwani mwangu. Kisha nikaongeza neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa. Nilimwambia, "Watoto wako wameishi hapa kama bado wako kambini." Na Jumapili iliyofuata, watu waliponiuliza mbona wale wamehama, nilisema waliniachia nyumba kama zizi.

Yule baba alimwendea mmoja wa viongozi, akaambiwa asamehe kwa ajili ya amani ya kanisa. Akanyamaza. Wakahamia Maine. Nami nilijisikia vizuri, nikasema Bwana ameleta amani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2022, binti yetu anayesoma Boston alihama chumba, na mwenye nyumba akamnyima amana yake ya dola 900 kwa madai ya ukuta na zulia. Nikawaka. Nilikaa usiku nikasoma sheria ya jimbo hili neno kwa neno, nikaandika barua nzuri yenye vifungu. Pesa ikarudi ndani ya wiki mbili. Tukiwa garini kurudi nyumbani, binti akaniuliza, "Baba, wale wa juu uliwarudishia?" Mnakumbuka nabii Nathani alivyomsimulia Daudi habari za tajiri aliyemchinja mwanakondoo wa maskini, na Daudi akakasirika kabla hajajua kwamba anasimuliwa habari zake mwenyewe. Barua niliyoiandika kwa ajili ya binti yangu ilikuwa inanishtaki mimi, kifungu kwa kifungu.

Sheria inasema nini

Mimi si mwanasheria, lakini mambo haya ya Massachusetts kila familia iyajue, maana wengi wetu tunaishi hapa kwa sheria za kule tulikotoka. Kwa walioanzia maisha Dar es Salaam, kupanga ni kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye achukue chake. Kwa walioanzia Nairobi, kodi ikichelewa unaweza kurudi jioni ukute kufuli geni mlangoni. Hapa ni tofauti.

Mwenye nyumba anapokupangisha anaweza kudai vitu vinne tu mwanzoni: kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kufuli na ufunguo. Amana lazima iwekwe katika akaunti ya pekee inayozaa riba, kwenye benki iliyoko ndani ya jimbo, mbali na pesa zake mwenyewe. Ndani ya siku 30 akupe risiti yenye jina la benki na namba ya akaunti. Akupe pia maelezo ya hali ya nyumba ndani ya siku 10, nawe una siku 15 za kuyasahihisha. Ukihama, ana siku 30 za kurudisha amana na riba yake. Akikata, anaweza kukata kodi usiyolipa na uharibifu uliozidi uchakavu wa kawaida, na lazima akuandikie orodha ya kila kitu, chini ya kiapo. Orodha isipotoka ndani ya siku hizo, haki yake ya kukata imekufa. Na asiporudisha kwa wakati, au kama hakuiweka katika akaunti ya pekee, mahakama inaweza kumwamuru alipe mara tatu.

Hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kubadili kufuli, kutoa vitu nje au kukata umeme ili mtu ahame. Kumtoa mpangaji ni kazi ya mahakama peke yake, na kodi ikichelewa huanza kwa notisi ya siku 14. Joto wakati wa baridi lisipungue nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 64 usiku. Ukilalamika kwa wakaguzi wa jiji, naye ndani ya miezi sita akakupandishia kodi au kukupa notisi, sheria inachukulia kwamba analipiza kisasi mpaka athibitishe vingine.

Mimi nilivunja karibu kila kifungu cha amana, nikiwa nimevaa beji ya ushemasi. Lakini kijana wangu hakuniuliza juu ya sheria. Aliuliza juu ya kosa, na hilo ni swali la ndani zaidi.

Amana ni ya nani?

Wengi tunaowapangishia watu tunakosea hapa. Tukishika amana tunaihesabu kama mapato. Lakini lugha yetu yenyewe inatukemea. Amana ni kitu ulichowekewa ukitunze, na mwenyewe akija unampa. Neno hilo lina shina moja na imani, na uaminifu, na hata ile amina tunayoitikia mwisho wa sala. Ukimnyima mtu amana yake, umemnyima kitu ambacho hakikuwahi kuwa chako hata siku moja. Ndiyo maana sioni kama mpangaji anayeidai anaomba msaada. Hata neno "kudai" linampunja. Anakuja kuchukua koti lake alilolitundika mlangoni kwako.

Nimesema koti kwa sababu Torati inalo koti hilo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mtu aliyemkopesha mwenzake anaambiwa asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Na kama huyo ni maskini na rehani ni vazi lake, lirudishwe kabla jua halijazama, apate kujifunika alalapo. Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, aliyeshika mali ya mwenzake anawekewa mpaka mlangoni, ili mwenye deni abaki na heshima ndani ya nyumba yake. Mimi nilipanda na tochi nikawatukana watoto. La pili, saa ya kurudisha haipimwi kwa nafasi ya aliyeshika, inapimwa kwa baridi ya mwenye vazi. Familia inayohama inaihitaji amana siku ile ile, maana kule inakokwenda kuna mwenye nyumba mwingine anayedai nyingine. Kila wiki niliyochelewa, kuna mtu aliyekopa mahali.

Karatasi ya nini, si sisi ni ndugu?

Neno hili tunalipenda sana, na ukilisikiliza vizuri, karibu kila mara linasemwa na yule mwenye nguvu zaidi. Mpangaji mgeni anaulizia karatasi kwa haya. Mwenye nyumba anamjibu kwa udugu, na kuanzia hapo akiuliza tena anaonekana hana imani. Udugu umegeuzwa kuwa kufuli mdomoni mwake.

Maandiko hayaoni aibu juu ya karatasi. Yeremia aliponunua shamba, muuzaji alikuwa Hanameli, mtoto wa amu yake, damu yake kabisa. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, na Baruku akaambiwa aihifadhi katika chombo cha udongo idumu siku nyingi. Ibrahimu alipotaka pango la Makpela amzike Sara, Efroni alimwambia mbele ya watu alichukue bure. Akakataa. Akapima shekeli 400 mbele ya mashahidi. Alikuwa mgeni katika nchi ile, na mgeni anajua kwamba cha bure kisicho na ushahidi kina siku yake ya kudaiwa.

Wazee wetu nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa peke yake haipotei hivyo. Urafiki nao hupotea, kwa sababu baada ya miaka mitatu kila mmoja anakumbuka kwa uaminifu kabisa jambo tofauti. Karatasi inamlinda ndugu yako asije akaitwa mwongo na wewe. Nami naamini kwamba mwenye nyumba aliye muumini ndiye anayepaswa kuileta, bila kuombwa, kwa sababu ndiye ambaye kuileta hakumgharimu haya yoyote.

Paulo alikataza nini?

Sasa lile la kortini. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, Paulo anawakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya mahakimu wa nje, na anauliza kwa nini wasikubali afadhali kudhulumiwa. Aya hiyo tunaijua kwa moyo. Lakini nimegundua kwamba tunamsomea mtu mmoja tu, yule aliyeibiwa. Tunaifunga Biblia kabla ya mstari unaofuata, ambapo Paulo anamgeukia anayedhulumu na kumwambia waziwazi kwamba anamnyang'anya ndugu yake. Na kabla ya hapo aliuliza kama kweli kati yao hakuna hata mwenye hekima mmoja wa kuamua baina ya ndugu. Kwa hiyo mtu akifika kortini, aibu ya kwanza ni ya kanisa lililokosa kuamua. Aliyekwenda huko baada ya kuzungushwa miezi mitatu amesukumwa na sisi.

Ukisema, "Usiende nje, tuyamalize ndani," umeahidi kwamba ndani kuna haki. Kama ndani kuna maombi tu na chai, hukuahidi kitu. Umemzuia mtu mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Na msamaha je? Msamaha ni mzuri, ni uhai wetu. Lakini una mwenyewe. Aliyedhulumiwa anaweza kuutoa, akitaka, akiwa huru. Aliyeshika pesa hawezi kuuhubiri. Nilipofurahi kwamba yule baba amesamehe, nilikuwa nafurahi kwamba amenyamaza, na vitu hivyo viwili ni tofauti kama usingizi na kifo. Mtu anayesamehe anaweza kukutazama usoni. Yeye aliacha kuja kanisani. Zakayo naye, Bwana alipoingia nyumbani kwake, hakuomba waliodhulumiwa wamsamehe kwanza. Alisimama akataja hesabu, kurudisha mara nne.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Kudai kilicho chako si kosa. Unaweza kukidai kwa njia ya dhambi, kwa matusi, kwa kumtangaza mtu, kwa kumvizia. Lakini kudai kwenyewe ni kumpa ndugu yako nafasi ya kutengeneza kabla hajazoea. Mathayo 18 imeweka ngazi: nenda kwake peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia, liambie kanisa. Ukifika juu ya ngazi hiyo bila jibu, Mahakama ya Nyumba iko, na ina wapatanishi wanaowakalisha pande mbili mezani kabla ya hukumu. Madai madogo hadi dola 7,000 unaweza kuyapeleka bila wakili. Kwenda huko baada ya ngazi zote, kwa maneno ya kweli na bila chuki, mimi sithubutu kukuita mwasi.

Mpangaji naye

Nisipoyasema haya nitakuwa nimepima kwa mizani moja. Wako wapangaji wanaojua kwamba mwenye nyumba ni Mkristo na atavumilia, wakafanya uvumilivu wake kuwa punguzo la kodi. Wako wanaoacha kulipa miezi miwili ya mwisho na kusema "kata kwenye amana," wakati amana haitoshi hata mwezi mmoja na nusu. Wako waliosema ni watu wanne na sasa ni tisa. Wako walioona maji yanavuja chini ya sinki tangu Machi wakanyamaza mpaka dari ya wa chini ikaanguka. Wako walioingiza kunguni na godoro la kuokota, wakaficha kwa haya mpaka nyumba nzima ikawashwa. Na wako wanaomwita mkaguzi wa jiji siku wanapodaiwa kodi, si kwa sababu dirisha limevunjika, bali kwa sababu limekuwa silaha.

Mwenye nyumba wa kwetu mara nyingi ni mlezi wa wagonjwa anayelala saa tano kwa siku. Kodi ya mpangaji ikikosekana miezi miwili, benki haimsikilizi akisema ni mambo ya ndugu. Anayemwona tajiri kwa sababu ana nyumba amesahau kwamba nyumba hiyo bado ni ya benki. Uongo hauwi mdogo kwa sababu anayedanganywa ana funguo.

Hata hivyo, mizani haiko sawa kabisa, na tusijidanganye. Mwenye nyumba akidhulumiwa anapoteza pesa. Mpangaji akidhulumiwa anaweza kupoteza mahali pa kulala watoto katika mwezi wa theluji. Na kuna jambo moja ambalo kati yetu sitalipigia kona. Nimesikia mwenye nyumba akimwambia mpangaji ambaye mambo yake ya uhamiaji hayajakamilika, "Ukinisumbua, najua pa kupiga simu." Wapendwa, kula amana ni wizi. Hili ni jambo jingine. Ni kuchukua hofu ya mtu, ambayo wewe mwenyewe uliwahi kuibeba, na kuifanya fimbo. Haki za mpangaji katika jimbo hili haziangalii hati za uhamiaji. Joto, amana na notisi ni za kila anayepanga. Mwenye kutishwa hivyo asikae peke yake. Aje kwa wazee wa kanisa, na kama mtishaji ni mzee wa kanisa, aje kwa mama yeyote mwenye msimamo, wako.

Tufanyeje?

Kwanza, wote tunaopangisha tuandike. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kiingereza unatosha kuanza: kodi, tarehe, nani analipia joto, nani anazoa theluji. Amana iende benki wiki hiyo hiyo. Kama huwezi kuifungulia akaunti, usiichukue. Sheria haikulazimishi kuchukua amana.

Pili, siku ya kuingia na siku ya kutoka, pande mbili zipite vyumbani pamoja na kupiga picha, kila tundu la msumari. Picha hazina jirani wala hazina hasira.

Tatu, uchakavu tuukubali. Watoto wakikaa nyumba miaka mitatu, nyumba itaonyesha kwamba watoto walikaa humo. Rangi inazeeka hata chumba kikiwa kitupu. Kodi ndiyo malipo ya kuzeeka huko.

Nne, mpangaji aseme mapema. Sinki likivuja, andika ujumbe siku hiyo. Kodi ikikwama, sema kabla ya tarehe, utaje lini na kiasi gani. Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya kwanza ni kutokimbia.

Tano, kanisa liwe na watu watatu wanaoaminika, mwenye nyumba mmoja, mpangaji mmoja, na mmoja asiye na upande, wa kusikiliza kesi kama hizi kwa siri na kutoa neno lenye tarehe na kiasi. Nimeliomba baraza lijadili. Paulo mwenyewe alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, na Matendo inasema aliwapokea wote waliomjia. Mpangaji si mtu wa daraja la pili katika imani hii.

Nilichobakiza

Baada ya lile swali la garini sikulala. Ilinichukua siku kumi kupata namba ya simu ya yule baba. Nilikuwa nimeandika hesabu: dola 1,050 nilizobakiza, na riba ya asilimia 5 ya amana, dola 60 kwa mwaka kwa miaka sita, jumla 1,410. Nikamtajia pia zile mara tatu za sheria. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikasikia watoto nyuma yake. Kisha akasema, "Mzee, nitapokea iliyo yangu. Hizo mara tatu ni za mahakama, na mimi sikwenda." Nikamuuliza kama kuna kingine ninachodaiwa. Akasema, "Kipo. Ulisema habari za watoto wangu kule kanisani. Pesa umeniletea mimi. Hilo neno ulirudishe ulikolipeleka."

Nilimtumia pesa siku ile. Neno nimekaa nalo muda mrefu kuliko pesa, maana pesa inatumwa kwa simu usiku bila mtu kuona, na neno lazima lisemwe mchana. Kijana aliponivuta kando kwenye ngazi, nilijua wakati wa kulisema umefika. Nilimpigia yule baba, akaniruhusu kuandika bila jina lake.

Basi nalirudisha. Familia iliyokaa ghorofa ya pili nyumbani kwetu kuanzia 2016 hadi 2019 iliiacha nyumba ikiwa safi kuliko ilivyoikuta. Watoto wao walichora ukutani kama wangu walivyochora. Niliyoyasema juu yao yalikuwa uongo, na niliyasema ili nisionekane nimeshika pesa zao. Waliosikia kwangu, naomba wasikie na hili.

Hawajarudi kanisani kwetu, nao wana mahali pengine wanaposali. Mlango wa kabati nimeutengeneza. Ilikuwa skrubu mbili.

Mungu atubariki na kutufundisha kurudisha kabla jua halijazama.